Umbo la Mwili na Salama ya Fahamu Utu Uzimani: Tuliyoyaona Thika na Ruiru

Katika darasa letu lililopita muulizaji mmoja aliuliza: "Je, ni kweli wasemayo matabibu, kwamba tumbo la mtu lina khabari ya akili yake?" Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Mimi sikucheka, kwani nimekaa mji wa Thika miaka mingi, na yako niliyoyaona huko yaliyonifanya nilitafute jawabu la suali hili kabla halijaulizwa.

Palikuwa na mtu wa kwetu pwani aliyehamia Thika zamani kwa biashara ya nguo. Jina lake nalisitiri. Alikuwa mwaminifu hata watu humwekea amana zao, wengine fedha za kuendea Hija, na mara nyingi hakuandika kitu, kwa sababu daftari lake lilikuwa kichwani. Alipofika umri wa miaka 58 hivi akaanza kumdai mtu deni alilokwisha lipwa, na kukana amana aliyoipokea mbele ya mashahidi. Watu wakasema ameingiwa na tamaa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema. Ilipita yapata miaka mitatu ndipo mwanawe alipompeleka hospitali. Tabibu akamwuliza leo ni siku gani, akamwambia achore uso wa saa na mishale yake, asiweze. Kumbe hakuwa mwizi, alikuwa mgonjwa. Fedha nyingi zilionekana baadaye zimefungwa vitambaani, zimeingizwa katikati ya majora ya nguo pale pale dukani.

Maradhi haya wataalamu huyaita dimensia, na lenye kujulikana zaidi katika aina zake ni lile la Alzheimer. Si usahaulifu wa kawaida wa mtu mzima anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Ni kuharibika kwa ubongo kidogo kidogo, hata mtu akashindwa kuhesabu, akapotea njia ya nyumbani, akamwona mwanawe kama mgeni. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wachunguzi waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010, wakaona kwamba takriban 6 katika kila 100 wanayo. Na huku kwetu twajua balaa la kutoyatambua: katika Kilifi wako wazee waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mzee atembeaye usiku asijue aendako, akisema maneno yasiyofahamika, ni mwepesi wa kutuhumiwa.

Sasa turejee kwenye tumbo. Watu wengi hudhani shahamu ni kama mzigo tu, mtu ameuchukua, basi. Sivyo. Shahamu iliyo chini ya ngozi, mapajani na makalioni, madhara yake ni machache. Ile iliyo ndani ya tumbo, iliyozunguka ini na matumbo, haikai kimya: hutoa vitu vinavyoingia katika damu vikaleta mwako mdogo mdogo mwilini usiokwisha, vikaizuia insulini isifanye kazi yake, hata ikaleta maradhi ya sukari na shindikizo la damu. Na ubongo hulishwa na mishipa myembamba mno. Mishipa hiyo ikipigwa na shindikizo na sukari miaka 20, sehemu za ubongo hukosa damu bila ya mtu kuhisi lolote. Ndiyo maana watu wawili wenye uzito mmoja na kimo kimoja wanaweza kutofautiana hatari yao, kwa kuwa mmoja amebeba shahamu yake nyongani na mwenziwe ameibeba tumboni. Kwa wanawake, hedhi ikikoma, shahamu aghalabu huhama nyonga ikaingia tumboni. Hilo nalo lijulikane.

Ushahidi uko. Huko California, Marekani, watu 6,583 walipimwa unene wa tumbo baina ya mwaka 1964 na 1973, wakiwa na umri wa makamo. Wakafuatwa zaidi ya miaka 30. Khabari zao zilipotolewa mwaka 2008 ilionekana kwamba wale wenye matumbo makubwa kabisa walipatwa na dimensia karibu mara tatu kuliko wenye matumbo madogo kabisa. Na hata waliokuwa na uzito wa kadiri, lakini tumbo limetoka, walikuwa katika hatari zaidi kuliko wenziwao. Uchunguzi mwingine uliotolewa 2001 uliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wa miaka 65 na zaidi. Kwa mwaka mmoja, wa Ibadan walipatwa kwa kadiri ya 1.35 katika kila 100, na wa Indianapolis 3.24. Asili yao yakaribiana. Chakula chao na maisha yao hayakaribiani. Sisemi kwamba kitambi peke yake ndicho kilichomharibu yule ndugu yetu wa Thika. Elimu, urithi, masikio yasiyosikia, sigara, yote yana sehemu yake. Lakini alikuwa na kitambi kikubwa na presha isiyotibiwa kwa miaka mingi, na sisi tukikiita kitambi kile neema.

Tazameni jinsi miji hii ilivyobadilika. Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa, na hata leo ndipo palipo kituo cha utafiti wa kahawa. Thika ina viwanda, na pembezoni mwake mashamba ya mananasi. Watu walikuwa wakitembea na kuinama na kubeba. Sasa mashamba mengi ya Ruiru yamegeuka majumba, hata hesabu ya watu ya 2019 ikaonyesha kwamba Ruiru imeipita Thika. Barabara kuu iliyokamilika 2012 imewafanya maelfu wakae kitako ndani ya matatu asubuhi na jioni, waende Nairobi wakakae kitako tena. Akirudi usiku mtu hununua viazi vya kukaanga na soda njiani. Uchunguzi wa Kenya nzima wa mwaka 2015 uliona kwamba wanawake 38 na zaidi katika kila 100 wamezidi uzito, na wanaume 17 na zaidi. Wala wa pwani tusiwacheke wa bara: sisi tuna mahamri, wali wa nazi, chai ya sukari nyingi, na walima kila wiki. Tena sisi tuna kanzu na buibui, navyo husitiri. Mwenye suruali hujijua mapema.

Basi mtu ajipime vipi? Chukua uzi, upime kimo chako toka utosini hata kisiginoni, uukate. Uukunje katikati, kisha uuzungushe tumboni, baina ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, ukiisha kutoa pumzi, wala usijibane. Ncha zikikutana, vyema. Zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya kimo chako, na hiyo ndiyo hatari. Mwenye futi ya fundi wa nguo atazame sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Nilijipima mwenyewe kabla ya kuandika haya. Uzi wangu ulipunguka vidole vinne.

Liko jambo moja ambalo wengi hulikosea. Hukumu hii ni ya umri wa makamo zaidi kuliko ya uzee. Watumishi wa serikali wa London waliofuatwa tangu 1985 walionyesha kwamba unene mkubwa katika miaka 50 ulihusiana na dimensia baadaye, lakini unene wa miaka 60 au 70 haukuonyesha hivyo. Sababu yake ni kwamba maradhi haya huanza kumkondesha mtu miaka mingi kabla ya kudhihiri. Kwa hiyo mwenye miaka 45 apunguze tumbo, atembee, apime presha na sukari, ameze dawa alizopewa asizikatize. Bali bibi wa miaka 78 asinyimwe chakula kwa ajili ya makala haya. Yeye ahimizwe kutembea na kula samaki na kunde ili nyama ya mwili isimwishe. Na akionekana anakonda pasipo sababu, nguo zinampwaya, na wakati huo huo anauliza suali moja mara tatu kabla ya adhuhuri, apelekwe kwa tabibu, na ampelekaye aandike kwenye karatasi ni lini alianza kusahau, alisahau nini, na dawa gani anazomeza, kwa sababu mwenyewe akiulizwa atasema hana neno.

Ama zile amana za Thika, wenyewe walilipwa karibu wote. Mmoja alikuwa amekwisha kufa akiamini kuwa amedhulumiwa.