Kinanda Kikinyamaza: Namna ya Kumpelekea Fundi



Ndugu msomaji, somo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Likizo ya Desemba nilitumwa kufanya utume katika kigango kimoja huko Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Kigango kina kinanda cha umeme, Yamaha, kilichonunuliwa kwa michango ya waamini. Wengine walitoa fedha, wengine mbuzi. Umeme wa kanisani ni wa sola.

Jumapili ya pili ya Majilio waya wa adapta ulikatika. Katekista akaniambia, “Frateri, wewe unapiga kinanda kila siku seminarini. Hutushindi kwa hili.” Nikaona aibu kusema sijui. Nikaazima adapta ya Casio ya zamani kwa kijana mmoja, plagi ikaingia vizuri, lakini kinanda hakikuwaka. Nikatafuta bisibisi, nikakifungua, na katika kukitenganisha nikachana utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha vitufe na bodi. Asubuhi tulikuwa na waya uliokatika. Jioni tulikuwa na kinanda kilichoharibika.

1. Kujua kupiga si kujua kutengeneza

Katika Utetezi wa Sokrate, Plato anaeleza jinsi Sokrate alivyowaendea watu wa Athene waliosifiwa kwa hekima. Alipofika kwa mafundi wa mikono, alikuta kweli wanajua kazi yao. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa wanajua kazi hiyo, wanajua na mambo mengine makubwa. Nilisoma habari hiyo mwaka wa kwanza wa falsafa na nikaijibu vizuri kwenye mtihani. Enguserosambu nilifanya kosa lilelile: nilidhani vidole vinavyojua nyimbo vinajua pia bodi ya umeme.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka tabia ya kukubali kufundishwa kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Sababu yake ni rahisi: mambo ya kutenda ni mengi mno, na hakuna mtu mmoja awezaye kuyachunguza yote peke yake. Kumpelekea fundi ni tendo la busara, wala si kushindwa.

2. Kwa nini adapta ya kuazima ni hatari

Tazama karibu na tundu la umeme la kinanda, kisha tazama adapta. Utaona maandishi ya volti na mchoro mdogo wenye alama za + na –. Mchoro huo unaonyesha kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha hutumia volti 12, katikati chanya. Casio nyingi za zamani hutumia volti 9, katikati hasi. Plagi inaweza kuingia sawasawa, na umeme ukaingia kinyume.

Kuunganisha moja kwa moja na betri ya sola nako si salama. Betri tunayoiita ya volti 12 inaweza kupanda hadi zaidi ya 14 wakati inachajiwa.

3. Mambo ya kuangalia kabla ya kumwita fundi

Kuna ukaguzi ambao kila mpiga kinanda anaweza kuufanya bila bisibisi:
– Je, soketi ina umeme? Jaribu kwa taa au simu.
– Je, kinanda kinawaka kwa betri? Vinanda vingi vidogo hutumia betri sita za volti 1.5, jumla volti 9. Kikiwaka kwa betri na kisiwake kwa adapta, shaka yako ianzie kwenye adapta. Mimi sikufanya jaribio hili, nalo lingeokoa kila kitu.
– Je, hedifoni imesahauliwa kwenye tundu lake? Ikiwemo, spika hunyamaza.
– Je, ni vitufe vichache tu visivyolia? Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye kaboni, na vumbi likiingia hapo sauti hupotea au hutoka kwa nguvu isiyotarajiwa. Usipulizie mafuta wala usimwage spiriti. Andika ni vitufe gani.

Ukaguzi ukiishia hapo, weka mikono chini. Ogani za zamani na vikuza sauti vinavyotumia umeme wa ukutani huweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Kuvifungua ni kuhatarisha maisha.

4. Barua kwa fundi

Kifaa hakiwezi kujieleza, hivyo mwandikie fundi karatasi. Taja jina la kigango na simu ya mtu mmoja atakayejibu, aina na namba ya kinanda, tatizo lilivyoanza, na linatokea wakati gani. Omba akupigie akishachunguza, akutajie gharama kabla ya kutengeneza, na akurudishie vipuri vilivyotolewa. Kama kuna midundo mliyoihifadhi, inakilini kwenye flashi kwanza, maana matengenezo mengine hufuta kumbukumbu.

Juu ya yote, andika ukweli wa yaliyofanyika. Mimi niliandika: “Kimezimika ghafla.” Baada ya siku kadhaa fundi akapiga simu kutoka Arusha: “Frateri, skrubu hizi zimeshaguswa. Niambie kilichotokea, nisipoteze siku yangu na hela zenu.” Nikamweleza yote. Kisha nikaenda kwa mzee mwenyekiti wa kigango, nikamweleza na yeye. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, ng’ombe akiumwa tunamwambia daktari alichokula, hata kama ni sisi tuliomlisha.”

Fundi alikuta fyuzi ndogo ya kwenye bodi imeungua kwa umeme wa kinyume. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Utepe nilioukata mimi ndio uliogharimu zaidi, na sehemu hiyo niliilipa kwa posho yangu.

5. Kufunga na kusafirisha

Toa betri zote, maana zikivuja safarini hula vyuma. Tuma na adapta, hata kama unaamini ni nzima, kwa sababu huenda ndiyo yenye ugonjwa. Kifunge kinanda kwanza kwa nailoni, kwa ajili ya vumbi la barabara ya kutoka Wasso hadi Mto wa Mbu. Kisha weka sponji au blanketi, halafu boksi gumu. Adapta na pedali zifungwe kando ili zisigonge vitufe. Piga picha kabla ya kufunga. Mwombe kondakta asikiweke chini ya magunia, na chukua risiti ya mzigo. Kikirudi, kijaribu kitufe kimoja kimoja mbele ya mashahidi wawili kabla ya kumaliza malipo.

6. Wakati wa kusubiri

Kilichonisukuma kushika bisibisi ni hofu ya Noeli bila kinanda. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, unafundisha kwamba wimbo mtakatifu ulioungana na maneno ni sehemu ya lazima ya liturujia adhimu. Vyombo vinakuja kuutumikia wimbo huo. Mkesha wa Noeli kwaya iliimba bila kinanda. Mwanzoni sauti ya pili ilipotea, mwalimu akatusimamisha, tukaanza upya. Kufika wimbo wa Komunyo kanisa lote lilikuwa linaimba, na wazee waliokuwa wamezoea kunyamaza wakaongeza sauti zao nzito za chini.

Kinanda kilirudi mwishoni mwa Januari, nami nilikuwa nimesharudi seminarini. Katekista alinipigia simu na kuiweka karibu na spika. Kilikuwa kinalia vizuri. Akaongeza kwamba adapta sasa ina kipande cha plasta kilichoandikwa: “Hii tu.”

Maswali ya kujadili katika kwaya na jumuiya

1. Ni kazi gani tunayojifanya tunaijua kwa sababu tunaona aibu kusema hatuijui?
2. Je, vyombo vya kigango chetu vina daftari la matengenezo na mtu mmoja anayewajibika navyo?
3. Kwaya yetu inaweza kuimba Misa nzima bila umeme? Tujaribu Jumapili ipi?