Dalili za Maradhi ya Akili

Watu wetu wengi wadhani kuwa mgonjwa wa akili ni yule azungukaye sokoni akiokota makaratasi. Huyo amekwisha kwenda mbali. Sisi twataka kusema juu ya mwanzo wa maradhi, maana mwanzo huo hupita majumbani mwetu, nasi twautazama tusiujue.

Alikuwako kijana katika darasa letu, hodari wa nahau, tena mcheshi. Kwanza aliacha kucheka. Kisha akawa haogi, wala hali pamoja na wenziwe. Usiku halali, na mamake humsikia akisema na mtu asiyekuwako. Mwisho akadai kuwa jirani wamtilia sumu chakulani. Babake alipotujia kutaka shauri, tulimwambia kuwa ni ujana, yatapita. Tulisema bila ya ilimu. Ukapita mwaka mzima, na fedha nyingi zikaishia kwa waganga na katika ngoma za pepo, ndipo alipofikishwa kwa daktari. Leo yu kazini, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na kwa dawa anywazo kila siku. Lakini mwaka ule haumrudii.

Basi ijulikane kuwa maradhi kama yale aghalabu huanza katika ujana, tena pole pole, na alama yake kubwa ni mtu kubadilika akawa si yule mliyemzoea.

Ama huzuni, hapana asiyehuzunika. Lakini ikikaa wiki 2 au zaidi, kila siku, ikamwondolea mtu usingizi na hamu ya chakula na ya kazi, hiyo si huzuni ya kawaida. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliigawanya huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, na isiyojulikana sababu yake, na hii ya pili akasema kuwa asili yake i mwilini, yataka tiba ya mwili. Imepita miaka zaidi ya 1,000, na bado wako wamwambiao mgonjwa kuwa imani yake ni dhaifu!

Na mzazi aliye katika arobaini yake, akikosa usingizi hata mtoto alalapo, akasema maneno yasiyoelekeana au akamwogopa mwanawe, asingojewe arobaini ishe. Apelekwe hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake na mtoto.

Hali kadhalika asemaye kuwa amechoka na maisha: aulizwe waziwazi kama ataka kujiua. Kumuuliza hakumtii fikira hiyo, bali huenda kukampunguzia mzigo. Ziondolewe dawa na visu karibu naye, na akae na mtu mpaka afike kwa daktari.

Hatukanushi kuwako kwa majini, wala hatukatazi kumsomea mgonjwa. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kisomo hakimzuilii mtu dawa.

Na ampelekaye mgonjwa wake aandike kwanza ni lini aliacha kulala, ni lini alianza kujitenga, na nani katika ukoo aliyepata kuugua hivyo. Maradhi mengi ya akili hayaonekani kwa kupima damu. Daktari hutegemea khabari za watu wa nyumbani.