Dondoo muhimu: Fanki na ngoma za Ethiopia uwanjani

Boston na Washington zina Waethiopia wengi, na kiangazi muziki wao husikika hadharani. Ukialikwa kwenye tamasha la uwanjani linalochanganya muziki huo na fanki, zingatia haya:

• Wahi. Jua la Juni huko huzama saa mbili usiku na ushei. Kwa hiyo beba kofia, maji na mkeka.

• Epuka spika. Mwenye watoto akae pembeni, na awavishe vizuia kelele masikioni.

• Fuata besi. Kwenye fanki, pigo la kwanza ndilo nguzo. Mwanamuziki wa fanki James Brown alilisisitiza sana. Nyimbo nyingi za Ethiopia hutumia noti tano tu, na mapigo yake huenda sita sita.

• Cheza eskista, dansi ya mabega ya Ethiopia. Tuliza miguu, shika kiuno, kisha rusha mabega mbele na nyuma. Anza taratibu, usije ukaamka shingo imekaza.

• Zoeza sikio. Msikilize kwanza Mulatu Astatke, baba wa jazi ya Ethiopia, aliyesoma Chuo cha Berklee, Boston.

• Nawa mikono kabla ya kula. Injera, mkate bapa wa Ethiopia, huliwa kwa mkono wa kulia: mega kipande, chotea mchuzi.