Kuta Kavu Katika Nyumba za Baridi: Somo kwa Wakazi wa Kata ya Endulen

Kata ya Endulen ipo katika nyanda za juu za Ngorongoro, ambako usiku wa mwezi Juni na Julai huwa na baridi kali. Kwa sababu hiyo, baadhi ya familia huziba kila upenyo na kufunika kuta kwa nailoni. Joto hubaki ndani, lakini maji nayo hubaki. Somo hili linaeleza namna ya kuhifadhi joto pasipo kuozesha nyumba.

Maji hutoka wapi?

Mtu aliyelala hutoa takriban robo lita ya maji kwa usiku mmoja kupitia pumzi na ngozi. Hewa yenye nyuzi joto 20 huweza kubeba karibu gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, hubeba karibu gramu 9 tu. Ziada hugeuka matone mahali penye baridi zaidi. Ndiyo maana bati hudondosha maji alfajiri hata kama mvua haikunyesha.

Ukuta wa udongo

Nyumba ya asili ya Kimaasai, ambayo akina mama huijenga kwa fito, udongo na samadi, hupokea unyevu na kuutoa, na moto wa ndani huikausha. Familia inapohamishia jiko nje, huepuka moshi unaodhuru mapafu, lakini ukuta hupoteza kikaushio chake. Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta hayana budi kuchukua nafasi hiyo.

Lipu ya saruji haiufai ukuta huu. Udongo hutanuka na kusinyaa. Saruji haiufuati, hivyo hupasuka. Mvua huingia kwenye nyufa, kisha hushindwa kutoka, na fito huoza kwa siri. Tumia lipu ya udongo au ya chokaa, na refusha upenu wa paa.

Mahali pa nailoni

1. Juu ya msingi, kabla ya kuanza ukuta, na chini ya sakafu ya zege, ili kuzuia maji yanayopanda kutoka ardhini.
2. Darini: weka nailoni upande wa chumbani, juu yake tabaka la kuzuia baridi, kisha acha nafasi ya hewa chini ya bati.

Usiifunge nailoni kwenye ukuta wa udongo.

Jipimie mwenyewe

Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku mbili, kingo zote zikiwa zimezibwa. Maji yakionekana upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakionekana upande wa chumba, ni mvuke wa ndani, nawe ongeza matundu ya hewa.

Tahadhari

Usikaushe chumba kilichofungwa kwa jiko la mkaa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.