Taa ya Urujuanimno katika Tangi la Samaki: Inavyounganishwa na Chujio, na Kile Isichokiua

Matangi ya samaki wa mapambo huwekwa sebuleni, hotelini na hata katika vyumba vya kusubiria vya kliniki. Maji yanapogeuka kijani, au samaki wanapoanza kufa mmoja mmoja, mwenye tangi hushauriwa kununua taa ya urujuanimno. Taa hiyo inafanya kazi ya kweli, ila kazi yake ina mipaka. Mpaka mmoja unawahusu kwa karibu watumishi wa afya, pamoja na wagonjwa wa kisukari, wanaoishi na VVU na wanaotumia dawa za kushusha kinga ya mwili: taa husafisha maji yanayopita mbele yake tu, haisafishi tangi.

Mionzi inayotumika ina urefu wa wimbi wa nanomita 254 hivi. Hufyonzwa na vinasaba vya kijidudu na kuvifunga mahali pasipotakiwa kufungwa, hata kijidudu kikashindwa kujinakili. Si lazima kife papo hapo. Inatosha kwamba hakiwezi tena kuzaana. Kiasi cha mionzi kinachokifikia hutegemea nguvu ya taa, muda ambao maji yanakaa karibu nayo na ung'avu wa maji yenyewe. Kwa maji ya kunywa, kiwango kinachotumika sana ni milijuli 40 kwa kila sentimita moja ya mraba. Maji yaliyojaa kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huwapa vijidudu kivuli cha kujifichia, na hapa ndipo chujio linapoingia.

Chujio la mtungi hukaa nje ya tangi, kwa kawaida chini yake kabatini. Maji hushuka kwa mpira mmoja, hupita katika sponji na vipande vya kauri, kisha pampu huyasukuma yarudi juu kwa mpira wa pili. Taa iunganishwe kwenye mpira huu wa pili. Ikiwekwa kabla ya chujio, itapokea uchafu wote, ala ya kioo cha kwatzi inayoikinga itafunikwa na utando mapema, na kikwazo chake kitainyima pampu maji. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kupunguza kasi ya maji afunge kidogo koki ya upande wa kutokea, asiguse ya upande wa kuingilia.

Tatizo linalowashinda wengi ni kasi. Chukua mfano wa chujio linalosukuma lita 1,000 kwa saa na taa iliyotengenezwa kwa lita 400 kwa saa. Vikiunganishwa moja kwa moja, maji yatapita mbele ya taa kwa haraka mno, na mwenye tangi atakuwa amelipia mwanga wa buluu tu. Suluhisho ni njia mbili. Baada ya chujio huwekwa kiungo cha tii: tawi moja hupita katika taa, jingine hurudi tangini moja kwa moja, na kila tawi huwa na koki yake. Matawi si lazima yaungane tena. Yakirudi kila moja kwa njia yake, kupima huwa rahisi: maji ya tawi la taa yakiijaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 90, hiyo ni lita 400 kwa saa. Taa ikisimamishwa wima, maji yaingilie chini na kutokea juu ili hewa isinaswe ndani. Kila kiungo kifungwe kwa klipu, maana mpira ukichomoka usiku, pampu itaendelea kumwaga maji sakafuni.

Hata mpangilio huo ukiwa kamili, hesabu haimruhusu mtu kuyaita maji yale safi kabisa. Tangi la lita 200 hupitisha ujazo wake wote kwenye taa kila nusu saa, lakini maji yaliyotibiwa huchanganyika na yasiyotibiwa. Baada ya mzunguko mmoja, takribani asilimia 63 tu ya maji ndiyo yamepita kwenye taa. Baada ya mitatu, asilimia 95. Wakati huo bakteria waliobaki wanaendelea kuzaana.

Wapo wanaohofu kwamba taa itawaua bakteria wema wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa bakteria hao wameganda kwenye sponji na kauri, hawaelei. Adui wao mkubwa zaidi ni kukatika kwa umeme. Chujio likisimama kwa saa nyingi, oksijeni iliyomo huisha, bakteria hufa, na umeme ukirudi maji yaliyooza husukumwa kwa samaki. Ni heri kuufungua mtungi na kuusuuza kwa maji ya tangi lenyewe kabla ya kuuwasha tena. Maji ya bomba yenye klorini huwamaliza waliosalia. Taa na pampu zichomekwe kwenye ekstensheni moja, ili taa isibaki ikiwaka bila maji kupita.

Kinachowakinga bakteria wema ndicho pia kinachomkinga Mycobacterium marinum, ndugu wa vimelea vya kifua kikuu. Alitambuliwa mwaka 1926 na Joseph Aronson katika samaki waliokufa kwenye tangi la maonyesho mjini Philadelphia, na mwaka 1951 madaktari wa Sweden walieleza ugonjwa wake kwa binadamu waliokuwa wakitumia bwawa la kuogelea. Hukaa katika ute unaofunika kokoto, kuta, mipira na sponji, mahali ambapo mwanga wa taa haufiki. Humwingia mtu kupitia mchubuko mdogo wa mkono anapolisafisha tangi.

Wiki chache baadaye, pengine zaidi, hutokea uvimbe mdogo usiouma sana kwenye kidole au kiganja, ambao huweza kuwa kidonda kisichopona. Wakati mwingine vinundu hupanda mkono mzima kwa mstari, mfano wa shanga. Kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu, maambukizi yanaweza kufika kwenye viungo na mifupa.

Mtego wa kitabibu uko hapa. Chini ya hadubini, kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, kimelea hiki hufanana na cha kifua kikuu, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa nne za kawaida. Isoniazidi na pirazinamidi hazimwezi. Rifampisini na ethambutoli humwezesha mgonjwa kupata nafuu. Kisha hufika awamu ya pili ya rifampisini na isoniazidi, na kwa kweli mgonjwa anabaki na dawa moja tu inayofanya kazi, hali inayoalika usugu. Matibabu yanayopendekezwa mara nyingi ni dawa mbili, kama klarithromaisini pamoja na ethambutoli au rifampisini, kwa miezi kadhaa, na kuendelea mwezi mmoja au miwili baada ya kidonda kufunga. Maabara nayo iambiwe mapema, maana kimelea hiki huota vizuri kwenye nyuzijoto 30 hadi 33. Kikioteshwa kwenye 37 pekee, jibu linaweza kurudi hasi. Yote hayo yanategemea swali ambalo ni nadra kuulizwa kliniki: je, nyumbani au kazini kuna tangi la samaki?

Mwenye tangi avae glovu ndefu zisizopitisha maji, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi hiyo. Mpira wa kunyonyea maji usivutwe kwa mdomo hata mara moja, kwani maji hayo huweza kuwa na Salmonella na Aeromonas. Sponji zisioshewe kwenye sinki la vyombo.

Taa yenyewe nayo ina hatari zake. Isitazamwe ikiwa wazi hata kwa muda mfupi: saa chache baadaye macho huuma na kutoa machozi kana kwamba yametiwa mchanga, na ngozi nayo huungua. Izimwe kabla ya kufunguliwa. Ala ya kwatzi isafishwe kila baada ya miezi michache kwa siki au maji ya limau ili kuondoa chokaa. Baada ya saa 9,000 hivi, yaani takribani mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo, taa ibadilishwe hata kama bado inatoa mwanga wa buluu, kwa sababu mionzi inayoua vijidudu haionekani kwa macho na hupungua kabla ya mwanga huo. Taa za aina hii zina zebaki. Iliyochakaa isivunjwe wala kutupwa jalalani.