Paka Mweusi wa Karatasi: Somo la Kusoma Vitu Vinavyotupwa

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa Ualimu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, leo naomba tuzungumze habari ya karatasi. Siongelei karatasi za mtihani. Naongelea zile zinazotengenezwa zitumike siku moja kisha zitupwe: kadi, mapambo ya sherehe, vipeperushi, tiketi. Wataalamu wanaziita efemera, neno lenye asili ya Kigiriki linalohusu kitu cha kudumu siku moja tu. Hoja yangu ni kwamba karatasi hizi zinaweza kutueleza mambo ambayo kitabu cha kiada hakiyagusi kabisa, mradi tujue kuzisoma.

Mfano wangu ni wa mbali kidogo: kadi na mapambo ya zamani ya Halloween huko Marekani. Nimeuchagua kwa sababu kuna watu wanaozikusanya na kuzichunguza kwa miaka mingi, na maktaba kubwa kama New York Public Library zimeweka picha za kadi hizo mtandaoni. Nilianza kuziangalia muhula uliopita, tulipopewa kazi ya vyanzo vya historia, nikiwa na simu tu na bando la wiki. Najua wapo watakaosema, "Haya si mambo ya kichawi?" Subirini kidogo. Hilo nalo limo ndani ya somo.

Kwanza, sikukuu yenyewe

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi zake nyingi zilifika Marekani na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga taa kwenye tanipu, zao la mizizi linalofanana na figili kubwa. Marekani walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kuchonga, na taa ikahamia huko.

Leo ukitaja Halloween, mtu anafikiria watoto waliovaa kama mizimu wakigonga milango kuomba peremende, au filamu za kutisha. Sasa hebu tuangalie karatasi zinasemaje.

Kadi zilizozungumzia ndoa

Mwaka 1907 posta ya Marekani iliruhusu upande wa nyuma wa postikadi ugawanywe mara mbili: kulia anwani, kushoto ujumbe. Kabla ya hapo upande huo ulikuwa wa anwani peke yake, na mtu alilazimika kubana maneno yake pembeni mwa picha. Kutuma kadi kuligharimu senti moja. Miaka iliyofuata watu walitumiana kadi kwa wingi, zikiwemo za Halloween. Miongoni mwa wachoraji waliojulikana ni Ellen Clapsaddle, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1865, ambaye watoto wake wenye mashavu ya duara wanatafutwa na wakusanyaji mpaka leo.

Wachawi wamo kwenye kadi hizo, na paka weusi, na bundi. Lakini ukizipitia nyingi kwa pamoja unaona jambo jingine likijirudia. Msichana ameshika mshumaa mbele ya kioo usiku wa manane, na nyuma ya bega lake inatokea sura ya kijana. Mwingine amemenya tofaa kwa ganda moja lisilokatika, analirusha nyuma aone litaanguka kwa umbo la herufi gani. Kwingine zinachomwa kokwa mbili kwenye meko, kuona kama wapenzi watatulia au wataruka kila mmoja upande wake. Yote hayo yanauliza swali moja: nitaolewa na nani?

Kwa hiyo Halloween ya kadi hizo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mchezo wa vijana wa rika letu kubashiri mchumba. Ukiuliza maana ya Halloween leo, ni nadra kutajiwa habari ya uchumba. Kumbukumbu hiyo imebaki kwenye kadi ya senti moja.

Hapa mwalimu lazima awe makini. Kadi haithibitishi kwamba wasichana walisimama kweli mbele ya kioo. Inathibitisha kwamba mchapaji aliamini picha hiyo itauzika. Tukitaka kujua zaidi, tunageuza kadi na kusoma ujumbe wa mkono: nani alimwandikia nani, kutoka mji gani, tarehe ipi kwenye muhuri wa posta. Tena, nyingi ya kadi hizo zilichapwa Ujerumani, iliyokuwa mbele sana kwa uchapaji wa rangi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, biashara hiyo ilivurugika. Sikukuu ya Marekani, uchapaji wa Ujerumani: karatasi moja inakupa uchumi, teknolojia na vita.

Kutoka ukumbini hadi barabarani

Kundi la pili ni mapambo. Kampuni ya Dennison, yenye kiwanda Framingham, Massachusetts, iliuza karatasi ya krepu, ile laini yenye mikunjomikunjo. Ili watu wainunue, ilitoa vijitabu vilivyoitwa Bogie Book. Cha kwanza kilitoka mwaka 1909, na vingine vikafuata hadi miaka ya 1930. Vilifundisha kupamba meza, kushona mavazi ya krepu na kuendesha michezo. Kwa lugha yetu ya darasani, hicho ni kiongozi cha mwalimu, isipokuwa lengo lake ni kuuza karatasi.

Mshindani wake alikuwa Beistle, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1900 na kuhamia Shippensburg, Pennsylvania. Hii ilijulikana kwa picha za kadibodi zilizokatwa kufuata umbo, kama paka aliyekunja mgongo au kiunzi cha mifupa chenye viungo vinavyochezeka, na kwa karatasi nyembamba zinazofunguka kama sega la nyuki.

Vijitabu na mapambo ya mwanzo yanaonyesha karamu za watu wazima ndani ya nyumba na kumbi. Watoto kugonga milango ni desturi iliyoenea Marekani miaka ya 1930, ikapunguzwa kasi na mgao wa sukari wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha ikashamiri baada ya vita. Karatasi nazo zikabadilika: vinyago vya watoto, mifuko ya peremende, sura za kuchekesha. Ukizipanga mezani kwa mpangilio wa miaka, unaona sikukuu ikitoka mikononi mwa vijana na kuwa ya watoto, bila kusoma aya hata moja.

Mkusanyaji anaangalia nini

Kwa kuwa vitu hivi sasa vina bei, nakala mpya zipo nyingi. Beistle wenyewe wamewahi kuchapa upya michoro yao ya zamani. Wakusanyaji wana mbinu ambazo hata darasa la kidato cha pili linaweza kuzielewa.

Moja, lenzi ya kukuza. Uchapaji wa kisasa wa rangi unaonyesha vitone vilivyopangwa kwa utaratibu. Kadi nyingi za zamani, zilizochapwa kwa mawe rangi moja baada ya nyingine, zina vitone visivyo na mpangilio.

Mbili, taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi za baada ya takriban mwaka 1950 zina kemikali ya kung'arisha, hivyo hung'aa rangi ya bluu nyeupe. Za zamani kwa kawaida hazing'ai.

Tatu, alama za matumizi. Tundu la pini, mkunjo, rangi iliyopauka upande uliokabili dirisha. Pambo lililotundikwa kweli huwa na dalili zake.

Na utunzaji ni rahisi kusema: weka mbali na jua na unyevu, na usibandike selotepu. Gundi yake huacha madoa na kuharibu karatasi.

Sisi tunatupa nini?

Narudi kwa wale waliouliza habari ya uchawi. Kukusanya picha ya mchawi si kumwabudu mchawi, kama vile kufundisha biashara ya utumwa si kuiunga mkono. Tunachokifanya ni kuuliza: nani aliitengeneza, kwa ajili ya nani, na ilitumikaje?

Maswali hayohayo tunaweza kuyauliza hapa nyumbani. Shangazi yangu ana kadi ya mwaliko wa send-off ya mwaka 1998. Ina majina ya wanakamati, jina la ukumbi, namba ya simu ya mezani, na kiwango cha mchango kwa "single" na kwa "double". Kadi moja inaeleza jinsi ndugu, majirani na wafanyakazi wenza walivyobeba gharama ya sherehe pamoja. Sijaona kitabu cha kiada cha sekondari kinachoeleza hilo. Nyaraka za serikali zina idara yake ya kuzitunza. Kadi ya shangazi inamtegemea shangazi, na panya.

Na muda hautusubiri. Siku hizi mwaliko unakuja WhatsApp, simu ikijaa unafutwa. Mabango ya kampeni za uchaguzi wetu wa wanafunzi yanabanduliwa wiki ileile matokeo yanapotangazwa. Vitini na daftari za zamani zinafungia karanga na maandazi. Mwanafunzi atakayetaka kuandika, miaka 50 ijayo, jinsi sisi tulivyoishi, tulivyooana na tulivyopigiana kampeni hapa chuoni, atazipata wapi habari hizo?

Zoezi

Tafuta karatasi moja ambayo ulikuwa uitupe wiki hii: tiketi ya basi, kipeperushi cha kongamano, kadi ya mchango. Nyuma yake, kwa penseli, andika tarehe, mahali ulipoipata na ilitumika kwa nini. Iweke ndani ya bahasha, mbali na dirisha. Kisha jibu maswali matano katika nusu ukurasa: nani aliitengeneza? Alitaka nani aione? Inaonyesha nini bila kukusudia? Inaficha nini? Ni chanzo gani kingine kitahitajika kuithibitisha?

Ukifika shule utakayopangiwa, wape wanafunzi wako zoezi hilohilo. Halihitaji projekta wala maabara, na bumu lako litabaki salama.