Usitume arbuni kabla fundi hajaingia chini ya gari

Ukikaa pale Gede, mahali magari ya Watamu yanapochepuka kutoka barabara kuu ya Malindi na Mombasa, hukosi kuona Prado za dizeli zikipita. Zinabeba watalii, zinabeba saruji, zinapeleka watu harusini. Kwa hivyo hata ikiwa mtumba, bei yake haishuki ovyo, na meseji ya "tuma 50,000 nikushikilie, kuna mtu anaitaka leo jioni" huwanasa wengi. Unafungua simu, unaweka PIN, pesa zimeenda. Gari lenyewe hujalisikia hata likiwashwa.

Tutafika kwenye hizo pesa. Kwanza tuangalie injini, maana huko ndiko pesa nyingine nyingi zitakakoenda.

Chukua Prado 120, zilizoundwa kuanzia 2002 hadi 2009, ile ya D-4D ya lita 3.0. Mafundi huiita 1KD. Ni gari gumu, hatulisemi vibaya, lakini lina ugonjwa wake unaojulikana: injekta. Chini ya kila injekta kuna pete nyembamba ya shaba inayozuia moto wa ndani usitoke. Pete ikichoka, gesi chafu hupenya mpaka kwenye oili. Oili inajaa masizi, masizi yanaziba chujio lililo ndani ya sampu, lile karai la chini ya injini, na injini inaanza kukosa oili huku wewe unaisikia ikinguruma vizuri tu. Injekta yenyewe nayo ikichakaa na kumwaga dizeli kupita kiasi, pistoni inaweza kupasuka. Sasa piga hesabu. Pete ni pesa ndogo. Injekta nne mpya za asili huvuka 100,000. Pistoni ikipasuka, huenda ukaanza kutafuta injini nyingine.

Dalili zipo, ila hutokea injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike, na ufike asubuhi mapema. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, mshukuru na umwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, washa usikilize: mgongo mkali wa chuma usiotulia, au moshi mweupe unaokawia kuisha, ni sababu ya kumuita fundi mwenye mashine ya kusoma injekta. Kama muuzaji ataruhusu sampu ifunguliwe, hapo umepata mtu muungwana.

Kisha kuna upande wa four wheel. Prado hii huzungusha magurudumu yote manne muda wote, kwa hivyo tairi za saizi tofauti huumiza difu ya katikati. Usijaribu kufunga hiyo difu kwenye lami kavu. Tafuta mchanga, na Gede mchanga si shida. Mwambie fundi afungue nati ya difu achungulie oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia, labda gari lilivuka mafuriko. Na kwa sisi wa pwani, chumvi! Gari lililolala miaka karibu na bahari lipigwe nyundo pole pole kwenye chesisi. Rangi nyeusi mbichi huko chini isikufurahishe. Uliza inaficha nini.

Haya, pesa. Wa kwanza kulipwa ni fundi, na awe fundi wako, si wa broka. Hata akikutoza elfu kadhaa na gari usilinunue, umenunua usingizi. Wa pili ni NTSA: ingia eCitizen, tafuta rekodi ya gari, ulipe kwa Paybill 222222. Utaona jina la mwenye gari, na kama lina mkopo wa benki.

Arbuni inakuja baada ya hapo, iwe kidogo, iwe na maandishi yanayosema itarudishwa lini. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha lilingane na la kwenye logbook. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya shemeji yangu", simama hapo hapo. Watu hudhani wanaweza kutupigia turudishe kila kitu. Ukikosea namba, tupigie haraka, pesa zikiwa bado hazijatolewa. Lakini ukimtumia mtu uliyemkusudia, hilo si kosa la namba, ni mapatano yenu, na sisi hatuwezi kuingia mfukoni mwake tu.

Salio la gari kwa kawaida halitoshi kupita kwa simu, kwani kikomo ni 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Usiligawe vipande vipande ili uwahi. Lipitishe benki, muuzaji akiwa ameshaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe umeuona kwenye yako. Risiti ya fundi usiitupe: kama amekuta injekta zimechoka, ndiyo utakayoiweka mezani mnapoongea bei.